Nani aliutoa muziki wa indie kwenye mazungumzo?

SWALI: Nilikuwa chuoni kati ya mwaka 2004 na 2010. Siku hizo albamu ya bendi ya indie, yaani bendi huru iliyo nje ya makampuni makubwa ya muziki, ikitoka, tulibishana juu yake wiki nzima. Leo nina simu yenye karibu kila wimbo uliowahi kurekodiwa, nasikia bendi mpya kila siku, lakini hakuna hata moja inayozungumzwa na watu ninaowafahamu. Je, ni Spotify na wenzake, yaani majukwaa ya kusikiliza muziki mtandaoni, walioumaliza muziki huu, au ni mimi nimezeeka? Na nikinunua albamu badala ya kuisikiliza kwenye majukwaa hayo, kuna anayefaidika?

JIBU: Tuanze na uzee, kwa sababu hapo jibu ni fupi. Ndiyo, umezeeka kidogo, na mtu akishatoka chuoni hana tena watu kumi wa kukesha nao wakibishana. Lakini hilo halielezi yote. Bendi ya Duster ya California ilitoa albamu yake ya kwanza, Stratosphere, mwaka 1998. Haikuvuma, na baada ya muda bendi ikanyamaza. Miaka ishirini na ushei baadaye, vijana ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati huo walianza kuziweka nyimbo zake kwenye video zao za TikTok, na sasa Duster ina wasikilizaji ambao mwaka 1998 isingewaota. Kwa hiyo muziki wenyewe unasikilizwa, pengine kuliko wakati wowote. Kilichopungua ni uzito wake, yaani ule uwezo wa albamu moja kuwafanya watu wasiojuana washikane mashati juu ya kitu kimoja, kwa wakati mmoja.

Maoni yangu ni kwamba uzito huo ulitokana na njia ambayo santuri ilipita hadi kumfikia msikilizaji. Sauti ya gitaa ilichangia kidogo sana. Njia ilipokosa kazi, uzito ukaondoka nayo.

Turudi nyuma kidogo uone njia hiyo ilivyokuwa. Januari 1977 bendi ya Buzzcocks ya Manchester ilitoa santuri ndogo ya nyimbo nne, Spiral Scratch, kwa lebo (kampuni ya kutoa rekodi) yao wenyewe na kwa pesa za kukopa, kiasi cha pauni 500. Kwenye jalada waliandika kila wimbo ulirekodiwa mara ya ngapi: "Breakdown", kwa mfano, ni jaribio la tatu, bila kuongezewa kitu juu yake. Ule ulikuwa mwaliko wa waziwazi. Aliyeshika jalada lile alisoma namna ya kufanya kazi hiyo mwenyewe, na wengi waliifanya. Duka la Rough Trade la London, lililofunguliwa 1976, liliuza santuri za aina hii, likawa lebo mwaka 1978, kisha likashirikiana na maduka mengine ya Uingereza kujenga mtandao wa usambazaji ulioitwa The Cartel. Kuanzia hapo bendi isiyo na mkataba na kampuni kubwa iliweza kufika kwenye rafu za nchi nzima.

Januari 1980 ikaanzishwa chati rasmi ya indie, na kigezo chake kilikuwa kimoja tu: je, santuri hii imesambazwa nje ya makampuni makubwa? Mlio haukuulizwa. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1980 Kylie Minogue, pamoja na pop yake yote, alipanda kwenye chati hiyo sambamba na vijana wenye magitaa na nyuso za huzuni, kwa sababu lebo yake ya PWL ilipitia msambazaji huru. Mashabiki wa indie walikasirika sana. Mimi hucheka kila nikikumbuka, lakini kigezo kilikuwa sahihi. Indie ilikuwa mpango wa biashara kabla ya kuwa ladha.

Kwenye njia hiyo, kila hatua ilikuwa na mtu mwenye jina aliyeamua. John Peel alikuwa mtangazaji wa BBC Radio 1, akipiga usiku vitu ambavyo hakuna mtangazaji wa mchana angevigusa, na aliendelea hivyo mpaka alipofariki Oktoba 2004. Mwenye duka aliamua aagize nakala tano au hamsini. Mwandishi wa kijarida cha kutoa kopi aliamua amsifie nani. Lebo nayo ilikuwa na sura: ukiona nembo ya Factory au 4AD ulinunua kabla ya kusikiliza. Marekani palikuwa na SST kule California, Dischord kule Washington, Sub Pop kule Seattle. Fugazi, bendi kubwa kuliko zote za Dischord, ilijitahidi miaka yote tiketi zake zisizidi dola 5 hivi, na kila aliyeingia ukumbini alijua ni kwa nini. Bei yenyewe ilikuwa hoja.

Msikilizaji naye alikuwa ametoa pesa yake. Ukiwa umenunua santuri na mwanzoni hukuipenda, uliirudia mara kumi kwa sababu ya uchungu wa pesa, na mara ya nane ikakuingia. Sehemu kubwa ya muziki tunaouita indie ulitegemea uchungu huo. Wimbo wenye sauti iliyopinda na gitaa lisilokaa sawa kwenye sauti hauwezi kumshika mtu kwa sekunde 30 za kwanza, na sekunde 30 ndiyo kipimo ambacho Spotify hutumia kuhesabu kwamba wimbo umesikilizwa. Dakika tisa za mateso matukufu na sekunde 31 za mlio wa mvua zinahesabiwa sawasawa.

Sasa, usinielewe vibaya ukadhani zamani palikuwa peponi. Kilio cha "indie imekufa" ni cha kale. Nirvana walirekodi Bleach kwa dola 606.17 wakaitoa kupitia Sub Pop mwaka 1989; miaka miwili baadaye Nevermind ilitoka kwa kampuni kubwa, na Januari 1992 ilimshusha Michael Jackson kutoka nafasi ya kwanza kwenye chati ya albamu ya Marekani. Makampuni yote makubwa yakakimbilia kusaini bendi za magitaa. Oasis nao, waliokuja kuwa sura ya indie ya Uingereza, walitoka kwa Creation, lebo ambayo Sony tayari ilikuwa imenunua asilimia 49 yake mwaka 1992. Mstari kati ya huru na kubwa ulishachafuka zamani.

Zama zako, 2004 hadi 2010, ni kisa cha pekee, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu nadhani wengi wanazikumbuka vibaya. Mtandao ulikuwa umekwisha kuvunja soko la santuri, tangu Napster, programu ya kupeana nyimbo bure, mwaka 1999, lakini haukuwa umevunja walinzi wa mlango, yaani wale walioamua nini kisikike. Uliwaongeza. Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki iliyoanzishwa na Ryan Schreiber katikati ya miaka ya 1990, iliipa Funeral, albamu ya bendi ya Arcade Fire, alama 9.7 kati ya 10 mwaka 2004, na lebo ya Merge ikajikuta haina nakala za kutosha kwa madukani. Januari 2006 Arctic Monkeys, wakiwa na lebo huru ya Domino na nyimbo ambazo mashabiki walikuwa wamekwisha kupeana mtandaoni, waliuza nakala zaidi ya 360,000 za albamu yao ya kwanza katika wiki ya kwanza Uingereza. Kilele kikaja 2010: Januari, Vampire Weekend walishika namba moja Marekani kwa nakala kama 124,000, Agosti, Arcade Fire wakaishika kwa 156,000, na Februari 2011 albamu hiyo, The Suburbs, ikachukua tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka.

Tazama hizo namba tena. Miaka kumi nyuma, nakala 156,000 kwa wiki kwa kawaida zisingekupa namba moja. Umma mkubwa ulikuwa umeacha kununua. Ulikuwa unapakua bure. Walioendelea kutoa pesa ni wale waliokuwa na mapenzi ya kurithi na maduka, na wengi wao walikuwa watu wa indie. Kwa hiyo indie ilionekana imepanda mlima, wakati kwa kiasi kikubwa ni maji yaliyokuwa yamepungua na kuacha jiwe lake wazi.

Spotify iliingia Marekani Julai 2011, miezi mitano baada ya Grammy ile. Sisemi moja lilizaa lingine kwa siku hiyo. Lakini Desemba 2014 Billboard 200, chati kuu ya albamu ya Marekani, ilianza kuhesabu strimu, yaani kila mara wimbo unaposikilizwa kwenye majukwaa hayo: strimu 1,500 za nyimbo za albamu sawa na albamu moja iliyouzwa. Badiliko hili halizungumzwi sana, nami naliona kubwa. Chati ya zamani ilihesabu uamuzi: umenunua au hukununua. Ukinunua ukasikiliza mara mbili, ni moja. Ukinunua ukasikiliza mara elfu, ni moja. Chati mpya ikahesabu marudio. Kijana anayezungusha albamu ya rapa wake kutwa nzima, wiki nzima, akawa na kura nyingi kuliko mtu mzima aliyenunua santuri ya bendi yake na kuipiga Jumapili. Kufikia 2017 hip-hop na R&B zilikuwa zimeipita roki kuwa aina kubwa kuliko zote Marekani kwa hesabu za Nielsen, kampuni ya takwimu. Sehemu ya jambo hilo ni haki iliyochelewa: muziki huo ulikuwa ukisikilizwa hivyo siku zote, ila vipimo havikuuona. Uzito wa indie, tukubaliane, ulisaidiwa sana na aina ya watu waliokuwa wakiandika magazetini na kuchagua nyimbo za tamthilia na matangazo.

Pesa nazo zinagawanywa kwa mantiki ileile ya marudio. Ada unayolipa kwa mwezi haiendi kwa bendi ulizozisikiliza wewe. Inaingia kwenye chungu kimoja, na chungu kinagawanywa kwa kufuata sehemu ya kila mmoja katika strimu zote za soko. Mwezi mzima usikilize bendi moja tu, bado pesa yako nyingi itakwenda kwa wanaosikilizwa zaidi na watu wengine. Jukwaa la SoundCloud lilianza mwaka 2021 kuwapa wasanii huru mfumo mwingine, ambamo pesa ya shabiki inamfuata msanii aliyesikilizwa na shabiki huyo, lakini wakubwa wa soko hawakuufuata kwa wingi. Na tangu 2024, Spotify haihesabii mrabaha wa rekodi wimbo ambao haujafikisha strimu 1,000 katika miezi 12.

Nikupe mfano mmoja kwa karibu, maana hesabu za jumla husinzisha. Galaxie 500 ilikuwa bendi ya watu watatu kutoka Massachusetts, ikidumu 1987 hadi 1991. Mpiga ngoma wao, Damon Krukowski, ni miongoni mwa wanamuziki wachache wanaosoma taarifa zao za malipo kwa jicho la mhasibu. Mwaka 2012 aliandika kwamba katika robo moja ya mwaka wimbo wao "Tugboat" ulichezwa mara 5,960 kwenye Spotify, na watunzi watatu wakapata kwa pamoja dola 1.05. Kwenye Pandora, redio ya mtandaoni, ulichezwa mara 7,800 wakapata senti 21. Kwa hesabu yake, kuchapisha nakala 1,000 za santuri ndogo mwaka 1988 kulikuwa na uwezo wa kuwaingizia sawa na strimu zaidi ya milioni 13.

Hiyo ni ya pesa, na imesemwa sana. Ya pili inanishughulisha zaidi. Miaka kadhaa baadaye Krukowski aligundua kwamba wimbo wao mwingine, "Strange", wa albamu ya On Fire ya 1989, ulikuwa unazipita nyimbo zao nyingine zote kwa mbali kwenye Spotify. Haukuwa umetumika kwenye filamu wala haukuwa kwenye orodha yoyote maarufu. Kwenye majukwaa mengine ulikuwa wimbo wa kawaida tu. Kuruka kwake kulianza Januari 2017, na mwezi huo ndio Spotify ilipofanya kujicheza kwenyewe kuwa mpangilio wa kawaida: albamu ikiisha, mashine inaendelea na nyimbo inazoona zinafanana. Maelezo aliyofikia ni kwamba mashine iliuchukua "Strange" kwa sababu kati ya nyimbo zao zote huo ndio uliofanana zaidi na nyimbo za watu wengine. Bendi ya Pavement yaliwakuta yaleyale kwa "Harness Your Hopes", wimbo ambao hata haukuwekwa kwenye albamu. Ulitoka 1999 kama nyongeza kwenye santuri ndogo, na leo ndio unaosikilizwa kuliko vyote walivyowahi kufanya.

Hapo ndipo ninapoliona badiliko lenyewe. Mwenye duka, Peel, mwandishi wa kijarida, wote walikuwa wakitafuta kile kisichofanana na kingine, kwa sababu ndicho kilichowapa la kusema. Mashine inatafuta kile ambacho hakitakufanya uinuke ukiguse kitufe cha kuruka. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwenye foleni ya mashine kinachojiuza ni kinachopita bila kugonga mtu. Msikilizaji anaweza kuupenda wimbo kwa dhati, akausikia mara hamsini, asijue bendi inaitwaje. Hatamwambia mtu, kwa sababu hana cha kumwambia. Na tangu mwishoni mwa 2020 Spotify inaruhusu lebo kukubali mrabaha mdogo ili wimbo wao usukumwe zaidi na mashine hiyo, kitu ambacho zamani redioni kilikuwa na jina baya: payola, yaani hongo ili wimbo upigwe.

Wakati huohuo walinzi wa mlango waliondoka mmoja mmoja. NME, jarida la muziki la Uingereza, iliacha kuchapishwa kila wiki Machi 2018. Pitchfork ilinunuliwa na kampuni ya majarida ya Condé Nast mwaka 2015, na Januari 2024 ikatangazwa kwamba itawekwa chini ya jarida la GQ, huku watu wake wengi wakiachishwa kazi. Ukiniuliza nani wa kulaumiwa zaidi kwa ukimya unaousikia, ningeitaja hii kabla ya Spotify. Watu hubishana juu ya hukumu ya mtu. Hakuna anayebishana na orodha ya nyimbo za kusomea.

Kinachochekesha ni kwamba mlio wa indie umeshinda. Taylor Swift alipotaka kubadilika mwaka 2020 alimfuata Aaron Dessner wa bendi ya indie ya The National, akamwalika Bon Iver, naye wa indie, na albamu ya Folklore ikachukua Grammy ileile waliyoichukua Arcade Fire. Phoebe Bridgers alijijenga kwa lebo huru ya Dead Oceans. Alipoungana na wenzake wawili kama boygenius, albamu yao ya 2023 ilitoka kwa Interscope, ambayo ni mali ya Universal, na ikazoa Grammy tatu. Mitski, akiwa bado na Dead Oceans, aliingia kwenye chati kuu ya nyimbo za Marekani mwaka huohuo kwa msukumo wa TikTok. Huwezi kusema hawa hawana wasikilizaji. Lakini anayewasikiliza haoni kwamba amechagua upande wowote, na hana sababu ya kuona hivyo, kwa kuwa wote wanapatikana mahali pamoja na Taylor Swift, kwa bei ileile.

Na kama unataka ushahidi kwamba njia ndiyo iliyokuwa na uzito, ulitokea 2024. Cindy Lee, ambaye ni Patrick Flegel, aliyekuwa wa bendi ya Women ya Kanada, alitoa Diamond Jubilee: nyimbo 32, saa mbili, bila Spotify wala Apple Music. Ilikuwa YouTube kama video moja ndefu, na kwenye tovuti yenye sura ya miaka ya 1990 ambako uliombwa mchango na kupakua mafaili mazito. Pitchfork iliyojeruhiwa ikaipa 9.1. Kwa wiki kadhaa watu walibishana juu yake kama wewe na wenzako chuoni: wengine waliiita kazi kubwa ya muongo, wengine waliiona ni ndefu mno (mimi naona saa moja na nusu ingetosha). Ugumu wa kuipata ulikuwa sehemu ya mazungumzo. Sitarajii wengi kuiga, kwa sababu bendi changa isiyo kwenye majukwaa hupotea kabisa, na Flegel alikuwa tayari na wafuasi.

Sasa kununua. Anafaidika, na tofauti ni kubwa. Bandcamp, tovuti ambako bendi huwauzia mashabiki moja kwa moja, inakata asilimia 15 kwenye mauzo ya mafaili na 10 kwenye bidhaa za kushika mkononi, kisha kuna ada za malipo. Albamu ya dola 10 inaacha dola 8 hivi kwa upande wa bendi. Spotify haina bei moja kwa kila strimu, lakini makadirio yanayotumika sana ni kati ya dola 0.003 na 0.005 kwa mwenye rekodi. Chukua 0.004: dola 8 ni strimu 2,000. Kama albamu ina nyimbo kumi, itabidi uizungushe yote mara 200 ili kufikia ulichowapa kwa kubofya mara moja.

Pakua mafaili unayonunua, uyahifadhi kwako. Bandcamp imeuzwa mara mbili ndani ya miaka miwili, kwa Epic Games mwaka 2022 na kwa Songtradr mwaka 2023, na mara ya pili nusu ya wafanyakazi walipoteza kazi, kwa hiyo usidhani itabaki ilivyo milele. Angalia pia albamu imetolewa na nani. Lebo ndogo nyingi bado zinafuata desturi ya tangu siku za Factory na Rough Trade: gharama zikisharudi, faida inagawanywa nusu kwa nusu, na huo ni mgao ambao mkataba wa kawaida wa kampuni kubwa haukaribii. Bendi ikiwa inajiuzia yenyewe, yote ni yake. Na kama inakuja kupiga karibu nawe, nunua fulana au santuri mezani kwao baada ya onyesho, ila uliza kwanza kama ukumbi unakata asilimia kwenye mauzo hayo, maana kumbi nyingi hukata. Ukiambiwa unakata, ingia kwenye tovuti yao usiku huohuo ununue huko.